Je, Wajua? Mabingwa wa Vyuo vya Mapadre

Sogea kidogo kwenye benchi nikae. Leo nina habari za riadha na kandanda kutoka vyuo vikuu vya Kikatoliki vya Marekani, na nakuambia mapema: utamtafuta mtu wa kumsimulia kabla hujafika mwisho.

Tuanzie kwetu. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Filbert Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3:51.0 na kuivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Hilo pengine unalijua. Lakini je, wajua walioingia nyuma yake ni nani? Wa pili Marty Liquori, wa tatu Eamonn Coghlan, na wote wawili ni zao la chuo kimoja: Villanova, chuo cha mapadre Waagustino karibu na Philadelphia!

Na huyo Coghlan hakuachana na Watanzania hapo. Miaka mitano baadaye, katika Olimpiki ya Moscow 1980, Suleiman Nyambui alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000. Wa nne, hatua chache tu nje ya medali, alikuwa Coghlan yuleyule.

Unamhurumia? Ngoja umhurumie zaidi. Montreal 1976, mita 1,500, Coghlan alikuwa wa nne pia! Olimpiki mbili mfululizo, nafasi ya nne mbili, mifuko mitupu.

Ila hakukata tamaa. Helsinki 1983 akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Na mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 41, akakimbia maili kwa dakika 3:58.15, mtu wa kwanza duniani aliyevuka miaka 40 kushuka chini ya dakika nne. Baba mzima, ndugu yangu!

Sasa lishike benchi kwa mikono miwili. Coghlan alipokuwa akitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1975 na tena 1976, chuoni Villanova kulikuwa na kijana mmoja anasoma hisabati, jina lake Robert Prevost. Akahitimu 1977. Leo dunia nzima inamwita Papa Leo wa XIV.

Villanova ilifunguliwa mwaka 1842. Notre Dame, chuo maarufu cha Shirika la Msalaba Mtakatifu kule Indiana, nacho kikafunguliwa mwaka huohuo 1842. Vyuo viwili, mashirika mawili, mwaka mmoja.

Kocha aliyeijenga Villanova ya riadha aliitwa James Elliott, lakini kila mtu alimwita Jumbo. Je, wajua kazi yake nyingine? Alikuwa mfanyabiashara wa mitambo ya ujenzi! Mchana anauza mashine za kuchimba barabara, jioni anashika saa ya kupimia mabingwa wa Olimpiki.

Mmoja wa vijana wake, Don Bragg, alishinda kuruka kwa upondo Roma 1960 kwa mita 4.70. Ndoto yake tangu utoto ilikuwa kuwa Tarzan wa sinema, basi dhahabu ilipothibitika akaachia ukelele wa Tarzan mbele ya uwanja mzima. Waroma wakasikia sauti ya msituni.

Mwingine ni Sydney Maree, kijana wa Atteridgeville kule Pretoria. Agosti 1983 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:31.24. Je, wajua alikaa nayo muda gani? Wiki moja! Steve Ovett wa Uingereza akaichukua kwa 3:30.77.

Na sikia hili la Marcus O'Sullivan, Mwairishi mwingine wa Villanova. Katika maisha yake alikimbia maili chini ya dakika nne mara 101. Si mara kumi na moja, rafiki, mia na moja! Baadaye akarudi chuoni kwake kufundisha.

Wamarekani wana aina ya mashindano ambayo mwenye pointi chache ndiye mshindi. Ndiyo, mbio za nyika! Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, chuo kinapeleka wakimbiaji saba na kujumlisha watano wa mwanzo, hivyo timu ikiingiza watano mbele ya kila mtu inapata 15, na hapo hakuna wa kuishinda.

Kwa hesabu hiyo, wasichana wa Villanova walitwaa ubingwa wa taifa wa nyika mwaka 1989, 1990, 1991, 1992, 1993 na 1994. Sita mfululizo! Hakuna timu nyingine ya wanawake iliyowahi kufanya hivyo.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa Sonia O'Sullivan wa Ireland. Mwaka 1998, mjini Marrakech, alishinda ubingwa wa dunia wa nyika mbio ndefu, akalala, kesho yake akashinda na mbio fupi. Miaka miwili baadaye, mjini Sydney, alikosa dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 kwa sekunde 0.23. Umeshapepesa jicho? Muda huo ndio huo.

Nani aliyeukata ule mnyororo wa miaka sita? Wakatoliki wenzao! Providence, chuo cha Wadominiko, ndio waliobeba kombe la 1995.

Providence ndiko aliposoma John Treacy, bingwa wa dunia wa nyika mwaka 1978 na tena 1979, mara ya pili kwao Ireland mbele ya ndugu zake. Sasa angalia hii: Olimpiki ya Los Angeles 1984 ilikuwa mara yake ya kwanza katika maisha kukimbia marathoni. Akapata medali ya fedha! Juma Ikangaa wetu, aliyekuwa mzoefu wa barabara, alimaliza wa sita.

Je, unamkumbuka Edward Cheserek, Mkenya aliyetwaa ubingwa wa nyika wa vyuo vya Marekani mara tatu mfululizo? Mwaka 2016 kila mtu alisubiri wa nne. Aliyemzuia alikuwa Patrick Tiernan, Mwaustralia wa Villanova, tena!

Tupumue kidogo, twende kwenye kandanda. Unadhani Wamarekani hawajui mpira wa miguu? Vyuo vyao vilianza kushindania kombe la taifa la NCAA mwaka 1959, na bingwa wa kwanza kabisa alikuwa Saint Louis, chuo cha Wajesuiti.

Wakabeba 1959. Wakabeba 1960, 1962, 1963, 1965, 1967, 1969, 1970, 1972 na 1973. Makombe kumi ndani ya miaka 15! Tangu hapo hawajabeba jingine, zaidi ya nusu karne imepita, na bado hakuna timu ya wanaume iliyofikisha hayo kumi.

Lile la 1967 waligawana. Fainali na Michigan State ilikuwa 0–0 wakati mvua na uwanja mbovu vilipousimamisha mchezo. Mabingwa wakawa wawili na bao halikufungwa hata moja.

Aliyekuwa kocha wa makombe matano kati ya hayo kumi ni Harry Keough. Je, wajua alikuwa akifanya kazi gani? Tarishi wa posta! Alibeba barua za watu wa St. Louis, akitoka hapo anakwenda kufundisha mabingwa wa taifa.

Na kabla ya ukocha Keough alikuwa beki. Beki gani? Beki wa timu ya Marekani iliyoifunga Uingereza 1–0 kwenye Kombe la Dunia la 1950, kule Belo Horizonte, Brazili! Wachezaji watano wa kikosi kile walitoka mji mmoja wa St. Louis, na kipa wao Frank Borghi alikuwa dereva wa gari la kubebea maiti.

Timu ya Saint Louis inaitwa Billikens. Billiken ni kisanamu chenye kitambi na tabasamu pana, kilichobuniwa mwaka 1908 na mwalimu wa sanaa wa Kansas City, na watu walikinunua wakiamini kinaleta bahati. Ukihesabu makombe kumi, hutawalaumu.

Kule ng'ambo ya pili ya Marekani kuna Chuo Kikuu cha San Francisco, Wajesuiti pia. Kocha wao Steve Negoesco alikulia Romania, akakaa na timu hiyo tangu 1962 hadi 2000, akashinda mechi 544. Hesabu tena kama huamini: mia tano arobaini na nne.

Silaha zake za miaka ya 1970? Wanigeria! Tony Igwe na Andy Atuegbu, wote wachezaji wa timu ya taifa ya Nigeria, walivaa jezi ya chuo hicho wakabeba ubingwa wa 1975 na 1976.

Chuo hichohicho cha San Francisco kilikuwa na kijana mmoja mrefu anayeruka juu. Mwaka 1956 aliruka mita 2.06, akawa miongoni mwa warukaji bora duniani. Sasa sikia jina: Bill Russell, yuleyule aliyekwenda kutwaa mataji 11 ya NBA akiwa na Boston Celtics!

Ukiwa mchezaji wa chuo Marekani, ukitolewa si lazima iwe mwisho wako. Kanuni zao zinaruhusu aliyetoka arudi tena uwanjani. Mwambie hivyo kocha wa mtaani kwenu uone atakavyotumbua macho.

Notre Dame ya wanaume ilisubiri hadi 2013 kupata kombe lake la kwanza la kandanda, ikiifunga Maryland 2–1. Kocha wao alikuwa Bobby Clark, kipa wa zamani wa Aberdeen na wa timu ya taifa ya Uskoti. Katika msimu wa 1970/71 kipa huyo alikaa dakika 1,155 bila nyavu zake kuguswa. Gawanya kwa 90 mwenyewe: ni karibu mechi 13!

Na kabla ya kufika Notre Dame, je, wajua Clark alifundisha wapi? Bulawayo, Zimbabwe, timu ya Highlanders! Mtoto wake Tommy akaipenda Bulawayo, akarudi huko akiwa mtu mzima kuchezea timu hiyohiyo. Mwaka 2002 yeye na wenzake wakaanzisha Grassroot Soccer, taasisi inayotumia mpira kuwafundisha vijana kujikinga na VVU. Kwangu mimi hilo ni kombe kubwa kuliko lile la 2013.

Georgetown ndicho chuo cha Kikatoliki kikongwe kuliko vyote Marekani, kilianza 1789. Kandanda ya wanaume ikaja kukipa kombe lini? 2019! Miaka 230 baadaye, fainali ya 3–3 na Virginia, matuta 7–6. Moyo wangu ulikuwa kooni hadi tuta la mwisho.

Chuo hichohicho kilimpokea kijana kutoka Kinshasa aliyetaka kuwa daktari wa binadamu. Alikuwa na urefu wa mita 2.18, na Georgetown wakampa mpira wa kikapu. Dikembe Mutombo! Alizuia mipira 3,289 katika NBA, wa pili katika historia yote, akahitimu isimu na diplomasia. Udaktari haukupatikana, lakini mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa ilifungua milango, yenye vitanda 300, ikiitwa jina la mama yake.

Mwaka 1924 Robert LeGendre wa Georgetown alikwenda Olimpiki ya Paris, akashiriki mchezo wa mashindano matano. Katika kipengele cha kuruka chini aliruka mita 7.76, rekodi ya dunia! Kwa jumla ya pointi akapewa shaba. Kesho yake dhahabu ya kuruka chini yenyewe ikaenda kwa DeHart Hubbard aliyeruka mita 7.44. Umeelewa? Mwenye rekodi ya dunia alikuwa na shaba ya mchezo mwingine, na wala hakuwemo kwenye ule wa kuruka.

Rudi nami kwenye mpira, safari hii wa wanawake, maana hapa ndipo utamu ulipo. North Carolina walikuwa wafalme, au tuseme malkia, wa kandanda ya vyuo: mataji tisa mfululizo, 1986 hadi 1994. Walishinda mechi 92 bila kupumzika. Nani akawasimamisha? Notre Dame, sare ya 0–0, Oktoba 1994.

Mwaka uliofuata wakakutana nusu fainali, tena kwenye uwanja wa North Carolina wenyewe. Bao lilikuwa moja tu, nalo la kujifunga! Malkia wakatolewa nyumbani kwao na mnyororo wa mataji ukakatika.

Fainali ya mwaka huo 1995 ilikuwa ya ndugu wa tumbo moja: Notre Dame dhidi ya Portland, vyuo viwili vya Shirika moja la Msalaba Mtakatifu. Dakika 90 hola. Nyongeza ya kwanza hola, ya pili hola. Cindy Daws akaja kupiga mpira wa adhabu katika nyongeza ya tatu, kamba! Notre Dame 1–0.

Shirika hilohilo lina wana wake hapa kwetu Afrika Mashariki. Lilifika Uganda mwaka 1958, na askofu wa kwanza wa Fort Portal, Vincent McCauley, aliyewekwa 1961, alikuwa padre wake.

Portland iliyoipoteza fainali ile haikulia muda mrefu. Olimpiki ya Atlanta 1996 ilikuwa ya kwanza kuwa na kandanda ya wanawake. Nusu fainali na Norwe, bao la dhahabu la Marekani likafungwa na Shannon MacMillan wa Portland. Fainali na China, mbele ya watu zaidi ya 76,000, Marekani ikashinda 2–1. Wafungaji? MacMillan na Tiffeny Milbrett. Wote wa Portland!

Aliyewalea ni Clive Charles, Mwingereza mweusi aliyechezea West Ham. Aprili 1972 yeye, Clyde Best wa Bermuda na Ade Coker mzaliwa wa Nigeria walianza pamoja katika mechi na Tottenham. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya daraja la juu Uingereza kupanga wachezaji watatu weusi kwa mpigo.

Mwaka 2002 Charles alikuwa anaumwa saratani. Vijana wake wakaingia fainali na Santa Clara, chuo cha Wajesuiti, wakaenda muda wa nyongeza, na msichana mmoja Mkanada akafunga bao la dhahabu: 2–1. Lilikuwa taji la kwanza la taifa la Portland katika mchezo wowote. Agosti iliyofuata kocha akafariki, akiwa na miaka 51, na bingwa.

Msichana yule Mkanada ni Christine Sinclair. Mwaka 2005 alifunga mabao 39 katika msimu mmoja wa chuo, rekodi, na Portland ikabeba tena. Kisha akaenda kuifungia Kanada mabao 190. Taja mwanamume yeyote unayemtaka, hata yule unayemfikiria sasa hivi: hakuna aliyefungia taifa lake mabao hayo!

Na mwaka ule wa 2005, kwenye kikosi kilekile, kulikuwa na mgeni wa mwaka wa kwanza. Megan Rapinoe. Baadaye akabeba Kombe la Dunia mara mbili.

Santa Clara nao wasikupite. Alipita pale Brandi Chastain, aliyepiga tuta la ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia la 1999 mbele ya watu 90,185. Alilipiga kwa mguu wa kushoto, na yeye ni wa kulia! Mumewe Jerry Smith ndiye kocha aliyeipa Santa Clara taji la 2001.

Taji lao la pili linaitwa la msimu wa 2020 lakini lilichezwa Mei 2021. Korona ilisogeza mashindano yote. Matuta tena, 4–1 dhidi ya Florida State.

Wanaume wa Santa Clara waligawana kombe na Virginia mwaka 1989 baada ya sare ya 1–1. Kwenye benchi la Santa Clara alikuwepo Steve Sampson, kwenye benchi la Virginia alikuwepo Bruce Arena. Sampson akaja kuifundisha Marekani kwenye Kombe la Dunia la 1998, na aliyempokea kiti ni nani? Arena!

Umechoka? Hapana, bado wakimbiaji wangu wa zamani.

Chuo cha Manhattan, cha Mabruda wa La Salle, hakipo kwenye kisiwa cha Manhattan! Kipo Bronx. Mwaka 1952 mwanafunzi wake Lindy Remigino alikimbia fainali ya Olimpiki ya mita 100 kule Helsinki. Wanne wa kwanza wote walipewa muda mmoja, sekunde 10.4. Remigino akamfuata Herb McKenley wa Jamaika akampa mkono wa hongera kwa ushindi. Picha ikasafishwa, ikatazamwa. Mshindi alikuwa Remigino mwenyewe!

Katika Olimpiki hiyohiyo dhahabu ya mita 200 ilikwenda kwa Andy Stanfield wa Seton Hall, chuo cha Kikatoliki cha New Jersey, ng'ambo tu ya mto Hudson kutoka New York. Mita 100 Wakatoliki, mita 200 Wakatoliki. Kisha wote wawili wakapokezana vijiti na wenzao, dhahabu nyingine.

Ralph Metcalfe wa Marquette, chuo cha Wajesuiti mjini Milwaukee, alitwaa ubingwa wa vyuo wa mbio za mita 100 na 200 au yadi zake miaka mitatu mfululizo, 1932 hadi 1934. Olimpiki ya 1932 alipewa sekunde 10.3, sawasawa na mshindi, akapata fedha. 1936 fedha tena, mbele yake yuko Jesse Owens. Wakaunganisha mikono kwenye vijiti wakakimbia sekunde 39.8, na rekodi hiyo ikakaa miaka 20. Metcalfe akaishia kuwa mbunge wa Marekani!

Tupande milimani. Maryland kuna chuo kidogo kinaitwa Mount St. Mary's, kilianza 1808 katika kijiji cha Emmitsburg. Mwaka 1988 mwanafunzi wake mmoja alikwenda Olimpiki ya Seoul, akaongoza fainali ya mita 1,500, akawasubiri wamfikie, hawakumfikia. Dakika 3:35.96, mbele ya Mwingereza Peter Elliott kwa sekunde 0.19. Jina lake Peter Rono, Mkenya!

Alikuwa na miaka 21, bingwa mdogo kuliko wote katika historia ya mbio hizo. Ilichukua miaka 33 hadi Jakob Ingebrigtsen wa Norwe alipompita akiwa na miaka 20. Na Mkenya aliyemtangulia Rono kutwaa dhahabu hiyo? Kipchoge Keino, miaka 20 kamili kabla, Mexico 1968.

Rono alitoka St. Patrick's, Iten, shule ya Bruda Colm O'Connell. Je, wajua bruda huyo alipofika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 alikuja kufundisha nini? Jiografia! Riadha hakuisomea popote. Kutoka mikononi mwake baadaye akatokea David Rudisha, mita 800 kwa dakika 1:40.91.

Na Rono hakuwa peke yake pale Emmitsburg. Walipita hapo pia mapacha, Kip na Charles Cheruiyot. Kijiji kimoja cha Maryland, Wakenya watatu wa kiwango cha dunia.

Nimebakiza moja, na nimeificha makusudi. Olimpiki ya Melbourne, 1956. Ni michezo ya kwanza kabisa ya Kenya. Nyandika Maiyoro alikimbia mita 5,000 akamaliza wa saba, na dunia ikaanza kujiuliza huyu katokea wapi.

Mita 400: dhahabu kwa Charlie Jenkins wa Villanova, sekunde 46.7. Weka kidole hapo. Mwaka 1992 mtoto wake Chip, naye wa Villanova, alipata dhahabu ya vijiti ya mita 400 mara nne, ileile aliyoipata baba yake Melbourne!

Mita 800: dhahabu kwa Tom Courtney wa Fordham, Wajesuiti wa New York, dakika 1:47.7. Alijitupa kwenye utepe akaanguka hoi kiasi kwamba sherehe ya medali ilicheleweshwa saa nzima akisubiriwa apate nguvu za kusimama.

Mita 1,500: Ron Delany, Mwairishi, mwanafunzi wa Villanova, miaka 21. Mzunguko wa mwisho ulipoanza alikuwa karibu na mkia wa kundi. Akatoka nje ya kundi, akafyatuka, dakika 3:41.2, rekodi ya Olimpiki. Mita 400, 800, 1,500: Olimpiki moja, dhahabu tatu, vijana watatu wa vyuo vya mapadre!

Alipovuka mstari Delany alipiga magoti chini, kichwa kimeinama. John Landy wa Australia, aliyekuwa ameshika nafasi ya tatu na kuikosa dhahabu mbele ya watu wake, akakimbia kumwinua akidhani ameumia. Akamfikia, akainama, akagundua kwamba yule kijana anasali.